Slauerhoff: daktari wa meli aliyemvua Camões joho la ushujaa

Mombasa imo ndani ya utendi mkubwa kuliko tendi zote za Kireno, na imo kwa ubaya. Luís de Camões, aliyechapisha Os Lusíadas mwaka 1572, anasimulia jinsi Vasco da Gama alivyofika pwani yetu mwaka 1498. Msumbiji wageni wanafanyiwa hila. Mombasa wanategewa mtego, na wanaokoka kwa sababu Venus, mungu wa kike wa mapenzi, na mabinti wa bahari wanaikabili meli kwa vifua vyao na kuisukuma irudi nyuma, isiingie bandarini. Inayosifiwa ni Malindi. Mfalme wake anawapokea wageni kwa heshima, kisha anaketi kumsikiliza Da Gama akimweleza historia ya Ureno, maelezo yanayochukua sehemu tatu nzima kati ya sehemu kumi za utendi.

Miaka saba baada ya safari hiyo, yaani 1505, Wareno walirudi wakaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Hilo nalo limo katika utendi, mbele huko, na limewekwa kama sifa.

Nimeanzia hapa kwa sababu Camões huyohuyo, mshairi wa dola ya Ureno, alifufuliwa mwaka 1932 katika riwaya ya Kiholanzi iitwayo Het verboden rijk, yaani Dola Iliyokatazwa. Aliyemfufua ni Jan Jacob Slauerhoff, mshairi na daktari wa meli. Humo ndani Camões hana ushujaa wowote. Anafukuzwa kwao, anaburutwa kutoka bandari moja hadi nyingine, anateswa gerezani, anatumwa safari asizozitaka, na mwishowe roho yake inapotea ndani ya mtu mwingine aliyezaliwa zaidi ya karne tatu baadaye. Wengi huiacha riwaya hiyo katikati kwa kuiona imevurugika. Kwa maoni yangu haijavurugika, ila mtu anahitaji kujua kwanza aliyeiandika alikuwa nani.

Slauerhoff alizaliwa tarehe 15 Septemba 1898 mjini Leeuwarden, katika jimbo la Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Baba yake alikuwa na duka la samani na mapambo ya nyumba. Mtoto alikuwa na pumu, na pumu ile haikumwacha hadi kufa. Nafuu aliipata Vlieland, kisiwa kidogo cha mchanga kwenye Bahari ya Kaskazini, walikotoka watu wa upande wa mama yake. Mtoto anayekosa pumzi mjini akaipata baharini: nadhani nusu ya mashairi yake imeanzia hapo, ingawa yeye mwenyewe hakupenda kujieleza kirahisi hivyo.

Shuleni Leeuwarden alifahamiana na Simon Vestdijk, aliyekuja kuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa riwaya za Kiholanzi, na ambaye naye alisomea udaktari. Mwaka 1916 Slauerhoff alikwenda Amsterdam kusomea udaktari. Mwaka 1923 alihitimu, na mwaka huohuo ikatoka diwani yake ya kwanza, Archipel. Neno hilo maana yake ni funguvisiwa. Wenzake waliohitimu walitafuta mji wa kufungua zahanati. Yeye alitafuta meli.

Kati ya 1925 na 1927 alikuwa daktari kwenye meli za shirika lililofanya safari kati ya Java, Uchina na Japani. Kazi hiyo inafaa kuelezwa, kwa sababu ndiyo iliyompa jicho lake. Daktari wa meli si baharia na si abiria. Anakula na maofisa lakini hana la kuamuru kuhusu chombo. Siku nzima inaweza kupita bila mgonjwa, halafu usiku mmoja homa inaingia sitaha ya chini, walikolala vibarua wa Kichina wakienda Java au wakirudi kwao, na yeye ndiye anayeteremka ngazi kwenda kuwatazama. Abiria wa daraja la kwanza waliiona Asia kutoka juu. Slauerhoff aliiona pia kutoka chini, kwenye joto na harufu na watu wasiojua kama watafika. Bandari alizopita zimejaa katika maandishi yake: Hong Kong, Amoy, Shanghai, na Macau, mji mdogo wa Wareno kwenye ukingo wa Uchina, uliokuwa umechakaa alipoukuta. Baadaye alisafiri na meli za kwenda Amerika ya Kusini. Katikati ya safari alijaribu kutulia nchi kavu: hospitalini Utrecht, na mwaka 1934 kwa muda mfupi Tangier, Moroko, alikofungua zahanati. Hakudumu popote.

Ndipo yanapoeleweka yale maneno yake ambayo Waholanzi wengi wanayajua kwa moyo, kutoka shairi liitwalo Woninglooze, yaani Asiye na Makao. Linaanza hivi: *Alleen in mijn gedichten kan ik wonen, nooit vond ik ergens anders onderdak.* Ndani ya mashairi yangu tu ndimo niwezamo kukaa, sikupata kamwe dari kwingineko. Likisomwa harakaharaka, shairi hili linaonekana kama majigambo ya msanii. Ukijua kwamba mtu huyu aliishi miaka mingi katika vyumba vya meli ambavyo si vyake, unagundua kuwa anasema jambo lililo kweli kabisa.

Mwaka 1930 alimwoa Darja Collin, mcheza dansi mashuhuri. Mwaka 1932 mtoto wao wa kiume alizaliwa akiwa amekufa. Ndoa ikavunjika mwaka 1935. Sitaki kulikuza jambo hili zaidi ya hapo. Nalitaja kwa sababu mwaka wa msiba ule ndio mwaka ilipotoka Het verboden rijk.

Sasa turudi kwenye riwaya yenyewe tuone ilivyosukwa.

Ina nyuzi tatu. Wa kwanza ni mji wa Macau, ulioanzishwa na Wareno katika karne ya 16 kwenye mlango wa dola ambayo haikutaka wageni. Wa pili ni Camões, mshairi aliyehamishwa Lisbon kwa sababu ya mapenzi yasiyomfaa mtu wa hadhi yake, akaishia Macau, mtawala wa mji akamwona ni mtu wa kuondolewa. Historia yenyewe inathibitisha sehemu ya hayo: Camões halisi alipelekwa India mwaka 1553, na mapokeo yanasema aliishi Macau, ambako hadi leo watu huonyeshwa pango lenye jina lake. Wa tatu ni Mwairishi wa karne ya 20 ambaye riwaya haimpi jina. Kazi yake ni kupokea na kutuma habari kwa simu ya upepo, yaani simu isiyo na waya, ndani ya meli. Meli yake inazama karibu na pwani ya Uchina, naye anajikuta akitangatanga, na hatimaye anaingia Macau.

Mpaka hapo msomaji yupo salama. Shida inaanza nyuzi zinapoanza kugusana. Huyu Mwairishi anakumbuka mambo ambayo hajawahi kuyaona. Anapita mtaani na mtaa unakuwa wa karne nyingine. Camões naye, jangwani na kwenye mateso, anaonekana kuhisi kuna mtu mbele yake katika wakati, anayemvuta. Usimulizi wenyewe unateleza: mara ni "yeye", mara ni "mimi", na haisemwi mimi ni nani.

Wachambuzi wa Ulaya wameitolea riwaya hii maelezo mengi ya kinadharia. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali hivyo, kwa kuwa lugha yetu ina msamiati wa jambo hili. Mtu akipandwa na pepo, huwa ni kiti. Pepo anakaa juu yake, anasema kwa kinywa chake, anadai vitu alivyovizoea yeye pepo, na kiti akizinduka hakumbuki alichosema. Fundi wa simu ya upepo katika riwaya hii ni kiti cha Camões. Tena Slauerhoff alichagua kazi yake kwa makusudi: mtu anayekaa peke yake usiku, vipokea sauti masikioni, akingoja ishara zitokazo kwa watu asiowaona. Anayekesha hivyo akipokea sauti za walio hai kutoka mbali ng'ambo ya bahari, kwa nini asipokee na za wafu kutoka mbali ndani ya wakati? Kwa Kiholanzi wazo hilo linahitaji kurasa kadhaa. Kwa Kiswahili, upepo na pepo tayari wanakaa jirani.

Kuna tofauti moja na ngoma ya pepo, na hapo ndipo ulipo uchungu wa kitabu. Kwetu kiti hupungwa ili arudi kuwa mtu wake, aendelee na maisha. Huyu Mwairishi hana mtu wake wa kurudia. Hana kwao, hana jina, hana anayemngoja. Kupandwa na Camões kunamtisha, lakini kuwa mtupu kunamtisha zaidi. Katika riwaya iliyofuata, Het leven op aarde ya mwaka 1934, anapewa jina: Cameron. Lisikilize jina hilo. Nusu yake bado ni ya yule Mreno.

Na jina la riwaya ya kwanza lina maana mbili. Dola iliyokatazwa ni Uchina, ambayo wageni walizuiwa kuingia. Pia ni ule upande mwingine wa nafsi, mahali ambapo mtu anaweza kuacha kuwa yeye. Wahusika wa Slauerhoff wanaitafuta Uchina wakitumaini kupata hiyo ya pili. Hapo namlaumu. Uchina yake mara nyingi ni uwanja mtupu wa Wazungu kuyeyukia, na Wachina wenyewe hubaki watu wa kupita njiani. Alikuwa karibu nao kila siku kwenye sitaha ya chini, na alijaribu kuwasikiliza washairi wao pia: diwani yake Yoeng Poe Tsjoeng ya mwaka 1930 imetungwa kwa kufuata mashairi ya Kichina aliyoyasoma katika tafsiri. Ila katika riwaya zake Mchina mwenye neno lake mwenyewe ni nadra.

Je, alikuwa mpinga ukoloni? Swali hili huulizwa sana, na jibu la ndiyo au hapana halimtoshi. Hakuwa mwanaharakati, na mshahara wake ulitoka kwa mashirika ya meli yaliyoishi kwa biashara ya makoloni. Lakini mwaka 1931 aliandika tamthilia kuhusu Jan Pieterszoon Coen, aliyeianzisha Batavia (Jakarta ya leo), makao makuu ya Waholanzi huko Java, mwaka 1619 na ambaye mwaka 1621 aliviteka visiwa vya Banda na kuwaangamiza wenyeji kwa ajili ya kungumanga. Uholanzi ilikuwa imeshamjengea Coen sanamu. Slauerhoff alimwonyesha akiwa mtawala mkatili anayeoza pamoja na mji wake.

Lipo pia shairi lake liitwalo De ontdekker, Mgunduzi. Nahodha anaipenda nchi anayoiendea kabla hajaiona, kama mwanamke anavyompenda aliye tumboni ambaye bado amefichika. Anasimama omoni akiota, na meli inapoinua omo lake anahisi kama ile nchi inajitikisa huko chini ya upeo wa macho unaoificha. Kisha nchi inaonekana. Ulipaswa uwe wakati wa furaha, wa kusimika nguzo na kusoma misa. Badala yake anagundua kuwa amefanya usaliti. Uzi wa kimya usioonekana, uliowaunganisha wawili hao, umekatika. Anatamani kuificha tena, lakini amechelewa, imeshalala wazi mbele ya wote. Hana la kufanya ila kuendelea kusafiri bila lengo na bila faraja.

Ukitaka kuona ukubwa wa shairi hilo, liweke kando ya nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, yenye msalaba juu, ikitazama bahari kutoka kwenye miamba. Nguzo ile inasema: tumefika, tumeonekana. Mgunduzi wa Slauerhoff anasema: laiti nisingefika. Hakusema hayo kwa ajili yetu tuliogunduliwa, na tusimpachike huruma asiyoidai. Alichoona ni upande wa mgunduzi tu, kwamba nchi ikishachorwa kwenye ramani haiwezi tena kupendwa namna ile. Lakini kwa mtu wa taifa lenye makoloni, mwishoni mwa miaka ya 1920, kuona hivyo lilikuwa jambo kubwa.

Na Camões halisi? Pwani hii anayoisema vibaya ilimwona akiwa hohehahe. Akirudi kutoka Asia alikwama Kisiwa cha Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1560, na mwandishi wa historia Diogo do Couto, aliyemkuta huko, aliandika kwamba alikuwa maskini kiasi cha kulishwa na marafiki. Marafiki ndio waliomchangia nauli ya kurudi Lisbon. Slauerhoff alimchukua mtu huyo wa Msumbiji, akaliacha sanamu la shujaa lililoko Lisbon lisimame peke yake.

Kuhusu ufundi wake wa kishairi, Waholanzi walibishana. Mistari yake ina mikwaruzo, vina vingine vimelazimishwa, na miswada yake ilikuwa vurugu tupu. Rafiki yake Edgar du Perron, mwandishi aliyezaliwa Java, alimsaidia kuyapanga na kuyasafisha mashairi kabla ya kuchapwa. Du Perron na Menno ter Braak walikuwa na jarida liitwalo Forum, ambamo Het verboden rijk ilitoka kwanza kwa vipande, na msimamo wa jarida ulikuwa mfupi: kinachotangulia katika fasihi ni mtu, umbo linafuata. Kwao Slauerhoff alikuwa ushahidi hai. Msomaji aliyelelewa na mizani na vina vya shairi la Kiswahili anaweza kushtuka, kwa sababu kwetu shairi lenye kasoro ya vina au mizani ni aibu ya mtunzi. Mimi naona msimamo wa Forum ulimtetea kupita kiasi. Slauerhoff alijua umbo. Akitaka, neno moja lake lilibeba shairi zima.

Mfano ni In Nederland, shairi lake kuhusu kwao. Linasema: *In Nederland wil ik niet leven, men moet er steeds zijn lusten reven, ter wille van de goede buren, die gretig door elk gaatje gluren.* Uholanzi sitaki kuishi, kwani huko sharti kila mara uyapunguze matamanio yako, kwa ajili ya majirani wema wanaochungulia kwa uchu kila kitundu. Neno la kutazama ni *reven*. Ni neno la mabaharia: kupunguza tanga upepo unapozidi. Hakusema kuzuia matamanio, wala kuyaficha. Alisema kuyapunguza tanga. Baharia hupunguza tanga kwa kuogopa dhoruba. Katika nchi hiyo unapunguza kwa kuogopa macho ya jirani aliyejificha nyuma ya pazia. Yeyote aliyekulia mtaani ambako kila mtu anajua kila mtu karudi saa ngapi ataielewa mistari hiyo bila maelezo.

Shairi hilohilo linaendelea: Uholanzi sitaki kufia, na kuozea katika ardhi mbichi ambayo mtu hakupata kamwe kuishi juu yake.

Mwaka 1934 alipewa tuzo ya Van der Hoogt kwa diwani yake Soleares, lakini afya ilikuwa imekwisha. Juu ya pumu alikuwa na kifua kikuu, ambacho yeye daktari alikipuuza, na malaria ikampata katika safari zake za mwisho. Mwaka 1936 ikatoka diwani yake Een eerlijk zeemansgraf. Jina hilo maana yake ni kaburi halali la baharia, yaani la majini. Wahenga wa Pwani walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Aliyetoka Amoy hadi Buenos Aires alirudishwa Uholanzi na kulazwa katika nyumba ya wagonjwa mjini Hilversum, mbali na bahari, na huko ndiko alikofia tarehe 5 Oktoba 1936. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Aliipenda Ureno, na alitunga mashairi aliyoyaita fado, kwa jina la nyimbo za huzuni zinazoimbwa kwenye mitaa ya Lisbon. Mwaka 2000 mwimbaji Mreno Cristina Branco alitoa albamu nzima ya mashairi ya Slauerhoff yaliyotafsiriwa kwa Kireno na kutiwa katika fado. Miaka miwili baadaye ilitolewa upya, ikaitwa O Descobridor, yaani Mgunduzi. Kwa hiyo yule nahodha anayetamani kuificha nchi aliyoifichua sasa anaimbwa kwa lugha ya Camões, lugha ya Vasco da Gama, na anayemwimba ni mwanamke, kwa sauti ya chini, gitaa likimjibu.